Kisu cha ala kiunoni kila siku: kikae wapi kisichome mbavu wala kutisha watu?

Matone_Meru

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaobeba kisu cha ala kila siku kama zana. Sizungumzii kujihami.

Kazi ni kufunga na kukarabati umwagiliaji wa matone. Kisu hakipumziki: kukata mipira ya milimita 16, kufungua mifuko ya mbolea, kukata manila, kuchonga vigingi, mchana kumenya chungwa. Cha kukunja hakifai kwa sababu mchanga na tope hujaa kwenye bawaba, na ukikikandamiza kwa upande kinacheza.

Kilichopo kina sentimita 22 kwa jumla, makali sentimita 10 na ushee, ala ya plastiki yenye kibanio cha kuchomeka kwenye mkanda. Kero ni tatu. Kwenye pikipiki mpini unapanda na kuchoma mbavu. Nikichuchumaa kwenye tuta kibanio kinachomoka. Na nikipita mjini kununua vipuri, mpini umechomoza juu ya mkanda na watu wanautolea macho.

Kikae wapi? Kiwe na urefu gani? Ala iwe ya ngozi au plastiki? Na sheria inasemaje? Mavazi ni suruali ya kazi na shati lisilochomekwa.

---

Uzi_na_Nta

Mkuu, anza na urefu kabla ya kuuliza mahali. Kaa kwenye kiti kigumu, mkanda umeufunga kama kawaida, kisha pima kwa rula vitu viwili: kutoka mkanda kwenda juu hadi ubavu wa mwisho, na kutoka mkanda kwenda chini hadi pale paja linapokunjika. Jumlisha. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyonayo kwa kitu kigumu kilichosimama wima. Kwa watu wengi haizidi sana sentimita 18, na kwa mwenye kitambi ni chini ya hapo. Kisu cha sentimita 22 hapo hakiingii, uhamishe ala utakavyo. Kitagusa ubavu au kitasukumwa na paja, na paja likishasukuma ala kwenda juu, kibanio nacho kinachomoka. Kero zako mbili za kwanza chanzo chake ni hicho hicho.

Kwa kazi uliyotaja makali ya sentimita 7 hadi 9 yanatosha. Mpira wa milimita 16 haudai urefu, unadai wembamba wa bapa. Tafuta mgongo wa kisu wenye milimita 2 hadi 2.5, urefu wa jumla sentimita 17 hadi 19, na uzito usiozidi gramu 150 pamoja na ala. Visu vinavyofuliwa kwa springi za gari ni imara, lakini wahunzi wengi huacha mgongo wa milimita 5 au 6. Huo ni mzigo kiunoni, na kwenye mpira unapasua badala ya kukata. Ukiagiza kwa mhunzi, mwambie akipunguze unene kwa tupa au mashine ya kunoa mpaka milimita 3, na kazi hiyo aifanye kabla hajakipa chuma moto wa mwisho. Akisaga baada ya hapo na chuma kikageuka buluu kwenye makali, ugumu umeondoka na utanoa kila siku.

Sasa mahali. Chukulia kiuno ni uso wa saa ya ukutani, kitovu ni namba 12, nyonga ya kulia namba 3, uti wa mgongo namba 6. Wa mkono wa kushoto ageuze.

Namba 3, wima, ndipo kila mtu huanzia na ndipo panaposumbua zaidi kwenye gari na pikipiki. Ni pazuri kwa anayesimama kutwa.

Namba 4, wima lakini mpini umeinama mbele kidogo, nyuzi 15 hadi 20. Ala inalala kwenye lile bonde la nyuma ya nyonga, shati linaificha bila kuvimba, na mkono unaifikia bila kupinda bega. Ukiwa na kisu cha sentimita 18 hapa ndipo pa kuanzia. Kasoro yake ni kiti chenye egemeo: kwenye daladala utauhisi mpini.

Namba 10 hadi 11, mlalo au umeinuka kidogo, mpini ukielekea kwenye chuma cha kufungia mkanda. Unachomoa kwa mkono wa kulia ukivuka tumbo. Kwa anayekaa sana kwenye pikipiki au trekta hapa ndipo palipo bora, kwa sababu ala iko juu ya kunjo la paja na haiguswi na chochote. Sharti ni kisu kifupi: ala na mpini visizidi sentimita 17, la sivyo ukiinama kufunga kiatu ncha ya ala inachimba nyonga.

Mfukoni, mfuko wa mbele. Huu ndio usioonekana kabisa, nitaueleza kwa kirefu chini kwa sababu watu hukosea kamba.

Kuhusu kamba: ala ya mfukoni lazima ifungwe, ama sivyo utachomoa kisu na ala yake, utabaki unahangaika kuivua kwa mkono wa pili uliokuwa umeshika mpira. Toboa tundu la milimita 5 kwenye pembe ya mdomo wa ala, upande wa mgongo wa kisu. Pitisha kamba ya nailoni ya milimita 3, funga kitanzi, kivalishe kwenye mkanda au kwenye kitanzi cha suruali. Urefu wa kamba upime ukiwa umesimama: ala ikae imesimama mfukoni bila kufika chini, na mpini uishie sentimita 2 chini ya ukingo wa mfuko. Ukivuta juu, kamba inakaza, ala inabaki, kisu kinatoka. Kamba ikiwa ndefu kupita kiasi ala itapanda nje na kisu. Ikiwa fupi, mpini utachungulia na ukikaa utakubinya kinena. Pima kina cha mfuko kwanza. Suruali nyingi za vitambaa zina mfuko wa sentimita 18 hadi 20 tu, jinzi na za kazi zina zaidi. Na mfuko huo usiwe na kitu kingine. Funguo zikiingia kwenye mdomo wa ala huharibu makali, simu nayo inachunika.

Mkanda nao usiusahau. Upana wa milimita 38 na unene wa milimita 4, ngozi nzima isiyo ya kubandikwa. Mkanda mwembamba hupinduka kwa uzito na ala inaning'inia nje, ndipo shati linapovimba. Kitanzi cha ala kiwe kipana kuliko mkanda kwa milimita 1 au 2 tu. Kikipwaya, ala inatembea kutoka namba 4 hadi 6 kabla hujafika sokoni.

---

Kinoo

Naunga mkono yote hapo juu isipokuwa ningemwonya mwuliza swali kuhusu jambo ambalo wengi hulipenda: kulaza kisu mgongoni, namba 6. Kwenye picha kinapendeza, chini ya shati hakionekani, na ukisimama husikii kitu. Lakini wewe ni mtu wa pikipiki. Ukianguka chali, unaangukia chuma kigumu kilicholala juu ya uti wa mgongo. Ukimpakia abiria, mpini unamchoma tumboni. Na usipokiona mdomo wa ala, kurudisha kisu ni kubahatisha. Ncha inaweza kupita nje ya ala na kuingia kwenye nyama ya kiuno. Namba 5 hadi 7 ziachwe wazi.

Shingoni vilevile. Kisu cha shingoni kinafaa kikiwa chini ya gramu 80 na ala yenyewe ni ngumu na inabana, lakini kamba yake lazima ikatike. Ile kamba ya parashuti inayouzwa kila mahali inahimili kilo kama 250. Ikinasa kwenye tawi au usukani, shingo ndiyo itakayoachia kwanza. Anayelazimika kuvaa shingoni aunganishe ncha mbili za kamba kwa kipande cha uzi mwembamba wa kushonea nguo, au kibanio cha plastiki kinachoachia kikivutwa kama vile vya vitambulisho vya ofisini. Kwa pikipiki sishauri hata hivyo.

---

Bomba_la_Inchi_Mbili

Kuhusu ala: kwa mtu anayeshinda kwenye maji na tope, plastiki ngumu. Tena usinunue, unafanya kazi ya mabomba, vipande unavyo.

Chukua bomba la PVC la milimita 50 lenye ukuta wa milimita 2 hivi. Kata kipande chenye urefu wa makali jumlisha sentimita 5. Kipasue kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Kilainishe kwa moto mpaka kinyooke, kiweke kati ya mbao mbili kipoe kikiwa bapa. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 80 za Selsiasi. Kuifinyanga vizuri unataka 100 hadi 120. Nyumbani njia salama ni sufuria yenye mchanga mkavu juu ya jiko la mkaa, mchanga ukishapata moto unafukia plastiki ndani yake na kuigeuza kila baada ya sekunde 30. Moto wa wazi hauilainishi kwa usawa. Fanyia nje. Plastiki ikianza kugeuka kahawia au ikitoa harufu kali ya kuchoma pua, umepitiliza: PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi ambayo ni mbaya kwa mapafu, hata sufuria hiyo usiipikie tena.

Plastiki ikipoa bapa, kata pande moja liwe na upana huu: upana wa bapa la kisu mara mbili, ongeza sentimita 3 za kuunganisha, ongeza nusu sentimita ya mkunjo. Kwa kisu chenye bapa la sentimita 2.5 unapata sentimita 8.5. Funga kisu chote kwa utepe wa karatasi wenye gundi tabaka moja, kwenye makali tabaka mbili. Hiyo inaacha nafasi ndogo ili ala isinyonge kisu, na pia inakulinda. Lainisha plastiki tena, ikunje kuzunguka mgongo wa kisu kama jalada la daftari, ibane haraka kati ya mbao mbili zilizowekewa vipande vya godoro la sponji vyenye unene wa sentimita 3 hivi. Kanyaga au funga kwa kibano. Dakika 5 mpaka 10 bila kugusa.

Jambo ambalo linaamua kama ala itafaa au la: plastiki ipande juu ya mpini kwa sentimita 2 hadi 3 na ishike umbo la mpini pale unaponenepa. Hapo ndipo kisu kinaposhikiliwa, si kwenye bapa. Ala inayobana bapa peke yake itaachia siku plastiki ikipata joto kwenye jua.

Toboa matundu ya riveti za milimita 4, kila moja milimita 6 kutoka kwenye makali na milimita 8 kutoka ukingoni, umbali kati ya tundu na tundu sentimita 2.5. Tundu moja la milimita 5 pale kwenye ncha, maji yatoke. Kabla ya kugonga riveti, funga kwa boti na jaribu kuchomoa. Piga msasa kingo zote mpaka zisikwaruze ngozi.

Jaribio: geuza ala mdomo chini juu ya godoro, itikise kwa nguvu kama unakung'uta kikombe, mara 10. Kisu kisitoke. Kisha kichomoe kwa kusukuma ukingo wa ala kwa dole gumba. Kikidai nguvu ya mkono mzima, pasha joto mdomo tu na uufungue kidogo, kwa sababu kisu kinachochomoka kwa mshtuko ndicho kinachokata. Kikilegea, pasha joto pale pale na ubane.

---

Uzi_na_Nta

Bomba, ala yako ni nzuri shambani. Lakini aliuliza pia juu ya kutotisha watu, na plastiki ina makosa mawili hapo. Ina kelele: ukichomoa na ukirudisha inalia tak, duka zima linageuka. Na ni ngumu, haifuati umbo la kiuno, kwa hiyo chini ya shati inajichora. Mchanga ukiingia nao hukwaruza bapa kila unapochomoa, ndiyo maana lazima isuuzwe.

Ala ya ngozi ya kina ndiyo tulivu. Kwa kina namaanisha kisu kinazama pamoja na theluthi mbili za mpini, zinabaki sentimita 3 au 4 za kushika. Watu wa Skandinavia hushona hivi ala za visu vyao vya kazi. Haihitaji kifungo, msuguano wa ngozi kwenye mpini unatosha, na kinachoonekana juu ya mkanda ni kidogo kuliko mfuko wa simu.

Nenda kwa fundi viatu na masharti haya, usimwachie akisie.

Ngozi iwe ya ng'ombe, unene milimita 3 hadi 3.5, iliyotengenezwa kwa dawa ya magome. Kwetu ni miwati, ile inayolimwa Njombe. Namna ya kuitambua: kata ukingo uangalie katikati. Ya magome ni kahawia moja kwa moja, ukiidondoshea tone la maji linanyonywa na kuacha doa jeusi. Ya kromu katikati ina rangi ya kijivu au samawati, maji yanakaa juu. Ya kromu ni laini, haishiki umbo, na chumvi zilizobaki ndani yake hula chuma. Mabaki ya mikoba mengi ni ya kromu.

Kiolezo: laza kisu kwenye karatasi ngumu, chora mgongo, pindua kisu juu ya mgongo huo, chora upande wa pili, ongeza milimita 15 upande wa makali. Kati ya kuta mbili, upande wa makali, lazima liwekwe pande la tatu la ngozi lenye upana wa milimita 8 hadi 10 kuanzia mdomoni hadi kwenye ncha. Fundi wa viatu asiyeshona ala ataliruka, na hapo ndipo ala zote za mitaani hufia. Bila hilo pande makali yanakaa juu ya uzi wenyewe, yanaukata mshono mmoja kwa siku, na siku moja yanatokea nje kwenye paja lako.

Mshono milimita 4 kutoka ukingoni, tundu kila milimita 5, uzi wa nailoni uliopakwa nta, sindano mbili zinazopishana kwenye tundu moja. Urefu wa uzi ni mara tano ya mshono kwa unene huo. Mshono wa mashine ukikatika mahali pamoja unafumuka wote. Wa sindano mbili unabaki.

Baada ya kushona, loweka ala kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 3 hadi 5 mpaka mapovu yaishe. Kisu kifunge kwa mfuko laini wa nailoni tabaka mbili, kiingize, bonyeza ngozi kwa vidole ifuate shingo ya mpini, mahali bapa linapoanzia. Kiache saa moja, kichomoe taratibu, ala ikauke kivulini siku nzima au mbili. Jua na jiko huifanya ngozi inywee na kupasuka. Mwisho nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, nje tu. Ndani usipake, kisu kitateleza.

Kitanzi chake kiwe cha kufunguka, kina vifungo viwili vya kubonyeza. Umefika benki au shuleni, unabonyeza, unaitoa ala nzima bila kufungua mkanda, unaiweka kwenye begi la zana.

---

Wakili_Asiyevaa_Tai

Hilo la mwisho la Uzi ndilo jibu la swali la nne kwa sehemu kubwa.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania (Sura ya 16) na ya Kenya (Sura ya 63) zote zina kosa la kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kumtia mtu hofu. Mambo matatu yanatazamwa: je, ni silaha, sababu ipo, na ilikuwaje watu wakatishika. Kisu cha kazi si silaha kwa kuzaliwa, lakini kinaweza kuhesabiwa hivyo kwa jinsi ulivyokibeba na ulichokuwa ukifanya nacho. Kubeba kwa ajili ya kazi yako ni sababu inayoeleweka, ukiwa kazini au njiani kwenda na kurudi. Baa saa nne usiku, kwenye mkutano wa siasa, uwanja wa mpira, sababu hiyo haipo tena, hata kama kisu ni kile kile na mkanda ni ule ule.

Sasa tahadhari kwa wanaopenda kuficha. Shati kufunika kisu ili usisumbue watu ni sawa. Kisu kilichofichwa ndani ya soksi, au ndani ya koti kwenye mfuko ulioshonwa maalumu, askari akikikuta atauliza swali tofauti kabisa. Usikifiche kiasi kwamba maelezo yako yawe magumu kuaminika. Kikiwa kwenye mkanda pamoja na koleo na futi, kinajieleza chenyewe. Ukisimamishwa, mikono ionekane, sema "nina kisu cha kazi kiunoni upande wa kulia," usikishike wala kukichomoa ili kumwonyesha.

Benki, mahakama, ofisi za serikali, hospitali, shule, nyumba za ibada: kwenye begi au kwenye boksi la pikipiki lililofungwa. Maduka makubwa ya Nairobi yana walinzi wenye vigunduzi vya chuma mlangoni. Stesheni za SGR hupitisha mizigo kwenye mashine. Ndege: kwenye mzigo unaokabidhiwa tu, ndani ya ala, kimefungwa ili mkaguzi asikatwe.

---

Ughaibuni_Fundi

Naongezea kwa Waswahili wenzangu walioko Uingereza, maana humu wapo na ushauri wa kiunoni hapo juu unaweza kuwapeleka kituoni.

Huku kifungu cha 139 cha sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1988 kinaruhusu kubeba hadharani bila sababu kisu cha kukunja tu, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na kisichojikaza kwa kufuli kikiwa wazi. Kisu cha ala, hata kiwe na makali ya sentimita 4, kinadai sababu ya msingi mahali hapo na wakati huo. Kazi ni sababu. "Nilikisahau tangu jana" mara nyingi haitoshi, na kujihami hakukubaliki. Kwa hiyo fundi bustani hukivaa akishafika kwa mteja, na njiani kinakaa ndani ya boksi la zana lililofungwa nyuma ya gari. Ujerumani nako kisu cha ala chenye makali ya zaidi ya sentimita 12 hakibebwi hadharani bila sababu inayokubalika, na treni na miji ina marufuku zake za ziada. Ukihama nchi, usihame na mazoea ya kiuno.

---

Matone_Meru

Shukrani sana wakuu. Nimeelewa kwamba kisu chenyewe ndicho kirefu. Maswali mawili ya nyongeza. Je, nisipobadilisha kisu, hakuna namna ya kukining'iniza hiki cha sentimita 22? Na nikinunua kifupi, mpini mdogo hautachosha mkono?

---

Kinoo

Ipo namna. Badala ya ala kushikwa na mkanda moja kwa moja, weka kipande cha ngozi au utepe wa nailoni wenye upana wa milimita 25 unaotoka kwenye mkanda, mwishoni una pete ya chuma, na ala inaning'inia kwenye pete. Kichwa cha mpini kiwe sentimita 2 au 3 chini ya mkanda. Ukikaa, ala inageuka na kulala sambamba na paja, mbavu hazijui chochote. Kwa pikipiki hiyo inakaa vizuri mno. Mabaya yake: ukikimbia inapiga paja, ukipita kwenye vichaka inanasa, na haifichiki, itaonekana chini ya shati. Kwa kukimbia, funga ncha ya ala kwenye paja kwa mpira laini, au itie kwenye mfuko wa pembeni wa suruali ya kazi. Ala inayoning'inia iwe ile inayobana vizuri, kwa sababu itageuka kila upande.

Mpini mfupi hauchoshi kama mpini mwembamba. Unene ndio unaotuliza mkono: milimita 18 hadi 22 kwa kazi ya kuchonga vigingi. Visu vya kubebea mfukoni vingi vina milimita 12 kwa sababu wanataka ubapa, na ukichonga nusu saa vidole vinakufa ganzi. Chagua milimita 16 au 17 na urefu wa mpini sentimita 9, vidole vinne vinakaa. Kuna kisu kidogo cha Kiswidi, Morakniv Eldris, makali sentimita 5.9, jumla 14.3, mpini umenenepa vizuri. Ni mfano wa umbo la kutafuta hata kama hununui hicho. Kwa mfukoni ni kizuri. Kwa vigingi ni kifupi, hapo shika panga.

Na jinsi ya kuchomoa na kurudisha, maana huko ndiko watu wanakokatikia. Mkono unaoshika ala uishike upande wa mgongo wa kisu, vidole visizunguke upande wa makali: makali yakipenya mshono au riveti iliyoachia, yanapita kwenye viungo vya vidole. Kurudisha, simama, tazama mdomo wa ala, ugusishe mgongo wa bapa kwenye ukuta wa ala upande wa mgongo, ndipo usukume. Ukitembea au ukizungumza na mteja usirudishe. Na kisu kikidondoka, kiachie kifike chini, usikidake.

---

Bomba_la_Inchi_Mbili

Usafi. Ala ya plastiki: kila jioni isuuze kwa maji ya bomba, ikung'ute mdomo chini, iache wazi ikauke. Ukisikia mkwaruzo unapochomoa, kuna chembe imenasa, pitisha maji yenye sabuni na waya uliofungwa kitambaa.

"Chuma kisichoshika kutu" kinashika, polepole tu. Mbolea za chumvi unazotia kwenye matangi huacha madoa ndani ya siku chache kama bapa halikufutwa. Kikikata mfuko wa mbolea, futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kikavu, ndipo kirudi. Chuma cha kawaida cha mhunzi kipakwe mafuta membamba. Ukimenyea matunda tumia mafuta ya nazi kidogo. Ya alizeti huganda yakawa kama gundi. Mafuta ya cherehani ni kwa kisu kisichogusa chakula.

Kwenye ala ya ngozi usilaze kisu ndani kwa wiki nzima bila kutumika. Jasho la kiunoni linaingia kwa nyuma, linabaki. Muulize Uzi kama anaweka ngozi ya pili upande unaogusa mwili.

---

Uzi_na_Nta

Naweka, milimita 1.5 tu, ipande sentimita 4 juu ya mdomo wa ala upande wa mwili. Inazuia jasho, na pia mpini hausugui ubavu ukiinama. Kwa aliyechagua namba 10 hadi 11 isizidi sentimita 2, maana hapo itakunjwa na tumbo kila akikaa. Mwambie fundi aishone pamoja na kitanzi, asiibandike kwa gundi; gundi ya viatu inaachia kwa jasho.